Kupima mti wa maumivu: kutoka kwa babu wa Chamwino hadi kwenye bamba la moto

Kila mwaka, mvua zikikaribia kukatika, huja mwanafunzi mmoja au wawili mlangoni kwetu na kiroba kimejaa magome. "Mwalimu, huu ndio mti wa mgongo. Bibi yangu wa Kongwa anautumia toka zamani." Mimi si mwalimu hasa. Ni mtu wa maabara, kazi yangu ni panya, mizani na chupa. Ila nimeona magome mengi yakiingia na majibu machache yakitoka, na kosa huwa karibu lilelile: mtu amemwona panya ametulia, akaandika kwamba maumivu yamekwisha. Panya hutulia kwa mengi. Huenda amelala, amelewa, misuli imelegea, au ameanza kufa. Hatua zilizomo humu ni za kuziondoa sababu hizo moja baada ya nyingine.

Nawaandikia wanaofanya kazi ndani ya maabara yenye vibali. Usimpe mtu dawa unayoipima, wala usijaribu kwako mwenyewe.

Hatua ya 1: Vibali

Anza navyo, kwa maana ndivyo vinavyochelewa. Utafiti una kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na ukihusisha watu, hata kwa mahojiano tu na mganga, unahitaji kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, au kamati ya chuo chako. Panya nao wanalindwa: Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kamati itakuuliza kwa nini unataka panya 60 wakati 36 wangetosha. Uwe na jibu. Waganga wanaongozwa na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na aliyesajiliwa na Baraza lake ndiye wa kuanza naye. Ukitaka mofini kama dawa ya kulinganishia, ni dawa inayodhibitiwa na haipatikani kwa kuulizia kaunta, hivyo tafuta ruhusa miezi kabla.

Hatua ya 2: Kaa na anayeutumia mti

Usiende na dodoso la kurasa kumi. Salimia vizuri, "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, ikitoka mdomoni mwako itafungua mlango kuliko barua ya chuo, kaa kwenye kigoda ulichopewa, na kubali kurudi siku ya pili. Ya kuuliza ni machache. Sehemu gani ya mti: mzizi, gome, jani? Unachimbwa wakati gani wa mwaka? Ni maumivu gani hasa? Jino, mgongo, tumbo la hedhi na viungo vya mzee havina njia moja mwilini, na mti unaosaidia kimoja huenda usiguse kingine. Dawa inaanza kufanya kazi baada ya muda gani? Nani hapewi? Swali hili la mwisho lina thamani kubwa, kwa sababu mganga akisema "mjamzito simpi" amekueleza habari ya sumu bila wewe kutumia panya hata mmoja.

Halafu uliza: mgonjwa hufanya nini akishakunywa? Andika jibu lake neno kwa neno, hata ukiliona halihusu.

Kipimo nacho kitakuja kwa konzi na vikombe. Beba mizani ndogo. Mwombe achote konzi mara tano mbele yako, upime kila moja, uchukue wastani. Uliza anachemsha katika maji kiasi gani, kwa muda gani, na mgonjwa anakunywa kikombe cha ukubwa upi. Utanishukuru ukifika hatua ya 5.

Mkubaliane pia atapata nini, yeye na kijiji, kama kuna kitakachopatikana. Yaandikwe, yasomwe kwa sauti, yatiwe sahihi au dole gumba.

Hatua ya 3: Kuchuma, na kisa cha Kameruni

Jina la kienyeji halitoshi. Jina moja linaweza kubeba miti miwili au mitatu kutoka Bahi hadi Mpwapwa, na mti mmoja ukawa na majina manne. Chuma tawi lenye majani pamoja na maua au matunda, libane kati ya magazeti, badilisha magazeti kila siku mpaka likauke, kisha lipeleke kwa mtaalamu wa mimea. Hebaria ya Taifa, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, iko Arusha, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina yake. Sampuli ipewe namba, na namba hiyo iandikwe kwenye kila chupa. Bila namba hiyo hakuna mwenzako atakayeweza kurudia kazi yako. Mtu wa Dodoma anayengoja maua asipange kuchuma Septemba: mvua yetu inaanza Desemba na kwisha Aprili, na miti mingi ikiwa uchi hata mganga mwenyewe huitambua kwa gome na harufu.

Kwa harufu, nitaje mmoja. Ukielekea upande wa Manyoni kwenye miombo utakutana na Securidaca longipedunculata, wenye maua ya zambarau. Kwaruza mzizi wake unuse: ni dawa ya kuchua kabisa. Pua haikudanganyi, kwani mzizi una methili salisileti, ndugu wa karibu wa aspirini. Mzizi huohuo ni sumu kali na umewahi kuua watu. Mambo hayo mawili yanakaa kwenye mzizi mmoja, ndiyo maana nimekataza kujijaribia.

Sasa Kameruni. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba wamepata tramadoli, dawa ya maumivu iliyoundwa kiwandani Ujerumani, ndani ya gome la mzizi wa Nauclea latifolia. Habari ikasambaa: Mungu alikuwa ameshaitengeneza kabla ya Wajerumani. Mwaka uliofuata kundi la watafiti wa Dortmund, Ujerumani, likaenda kuchuma upya, kaskazini na kusini mwa nchi. Kusini hawakuiona. Kaskazini waliikuta kwenye mizizi ya mti ule, kwenye mizizi ya miti mingine isiyo na undugu nao, kwenye udongo na kwenye maji. Wakauliza wakulima. Kumbe tramadoli ya bei rahisi ilikuwa inamezwa na watu na kupewa ng'ombe ili wahimili jua wakilima, na mkojo wao ulikuwa unaishia ardhini. Kundi la kwanza halikukubali mara moja, na mabishano yakaendelea kwa miaka.

Kwa hiyo sisi wa nchi ya ng'ombe tuchume hivi: angalau sehemu tatu zilizo mbali, mojawapo isiwe na zizi, josho wala njia ya mifugo kuelekea bwawani. Kutoka kila sehemu chukua pia mzizi wa mti mwingine wa jirani usiohusika, na kifuko cha udongo. Kila sehemu na mfuko wake. Usizichanganye mpaka kemia ikuruhusu.

Ukichimba mzizi, chukua wa pembeni, fukia shimo, acha mti ukiwa hai.

Hatua ya 4: Kukausha, kutwanga, kuchemsha

Kausha kivulini, juu ya turubai, kwa wiki moja au mbili. Hewa yetu ni kavu, hilo tumebarikiwa. Jua kali linaharibu baadhi ya kemikali, na mafuta yenye harufu yanaruka. Twanga kwa kinu kilichooshwa, usipeleke mashine ya kusaga unga. Niliwahi kupokea unga wa gome uliosagwa mashineni mtaani, na tulipoutazama kwa darubini tuliona wanga wa mahindi mwingi kuliko gome.

Kisha fuata njia ya mganga kwanza: kama anachemsha kwa maji, nawe chemsha kwa maji. Wengi wanakimbilia methanoli kwa kuwa vitabu vinasema hivyo, wanapata kemikali ambazo mgonjwa wa kijijini hajawahi kuzinywa. Fanya zote mbili ukiweza. Ya pili loweka gramu 100 katika lita moja ya etanoli ya asilimia 70 hadi 80 kwa saa 72, ukitikisa mara kwa mara, chuja, kisha ondoa etanoli kwa rotavepa, mashine ya kuvukiza kiyeyusho, joto lisizidi nyuzi 40. Ya maji igandishwe na kukaushwa kwa mashine ya baridi. Kama mashine hiyo haipo, mwaga kwenye sahani bapa na uweke kwenye oveni ya nyuzi 40 hadi 45. Ukiiacha mezani inaota ukungu. Kinachobaki, kigumu au kama asali nzito, tukiite dawa ghafi. Pima uzito wake. Gramu 100 za gome zikitoa gramu 10, mavuno yako ni asilimia 10, na namba hiyo iandike kwa wino.

Kama unga ulinunuliwa tayari, iwe kwa wauzaji wa soko la Majengo hapa Dodoma au kwingine, una kazi ya ziada kabla ya panya. Duniani kote dawa za asili za maumivu zimekutwa zimechanganywa na dawa za hospitali kama diklofenaki, parasetamoli au deksamethasoni. Dondosha dawa yako kwenye bamba la kromatografia, linalotenganisha kemikali kuwa madoa, weka kando yake diklofenaki, parasetamoli na deksamethasoni halisi, acha kiyeyusho kipande juu ya bamba, tazama chini ya taa ya urujuanimno. Doa lako likisimama sawa na la diklofenaki, simama hapohapo mpaka kipimo kingine kithibitishe. Bila hivyo utatumia miezi sita kugundua diklofenaki.

Hatua ya 5: Kutoka konzi hadi miligramu

Hapa ndipo tasnifu nyingi zinapoharibika. Mtu anaandika dozi za miligramu 250, 500 na 1,000 kwa kilo kwa sababu ameziona kwa mwenzake.

Tuseme konzi ya babu ni gramu 30. Anaichemsha ikatoka vikombe vitatu, mgonjwa anakunywa kimoja. Kikombe hicho ni sawa na gramu 10 za gome, na kwa mavuno ya asilimia 10 ni gramu moja ya dawa ghafi. Mgonjwa wa kilo 60 amekunywa kama miligramu 16.7 kwa kila kilo ya mwili wake. Panya mdogo wa maabara anaichoma dawa haraka kuliko sisi, na ili kulinganisha kwa eneo la mwili tunazidisha kwa 12.3. Tunapata kama miligramu 205 kwa kilo. Basi dozi zako ni 100, 200 na 400, na zina maana.

Geuza hesabu uone. Dawa inayofanya kazi kwa 1,000 tu ingemtaka mtu wa kilo 60 anywe karibu gramu 5 za dawa ghafi, yaani gramu 49 za gome kwa mara moja. Hakuna mganga anayefanya hivyo.

Panya wa gramu 25 hupewa mililita 10 kwa kilo, yaani mililita 0.25. Kwa dozi ya 200 anahitaji miligramu 5 ndani ya hizo 0.25, kwa hiyo tengeneza miligramu 20 kwa mililita. Mnyweshe kwa sindano butu ya kufikia tumboni. Magome ya migunga na jamaa zake yamejaa tanini, na tanini ikichomwa tumboni kwa sindano inaumiza yenyewe, ukabaki unapima maumivu uliyoyasababisha wewe.

Hatua ya 6: Sumu kabla ya sifa

Fuata mwongozo wa kupima sumu wa OECD, shirika la kimataifa la nchi zilizoendelea, namba 423. Panya watatu majike, kuanza na dozi ya chini kama hujui lolote, au miligramu 2,000 kwa kilo kama una sababu nzuri ya kuamini ni salama. Watazame kwa karibu saa nne za mwanzo, kisha siku 14. Andika kila kitu: manyoya kusimama, kutetemeka, kuhara, kope kulegea, kukaa kona peke yake. Panya anayeteseka bila matumaini hamalizishwi siku, anasitishiwa mateso kwa njia iliyoidhinishwa. Shajara hii utairudia baadaye, maana anayelegea kwa dozi ya 400 ameshakuonya kuhusu hatua zinazofuata.

Hatua ya 7: Mikunjo ya tumbo

Makundi matano ya panya sita sita: la kiyeyusho pekee, yaani kimiminika kisicho na dawa, la diklofenaki miligramu 10 kwa kilo, na matatu ya dozi zako. Wagawe kwa bahati nasibu, vijikaratasi ndani ya kofia vinatosha. Mwenzako aziandike chupa A hadi E, na orodha ya siri akae nayo yeye. Anayehesabu asijue. Nimeshuhudia mtu mwaminifu, anayeswali, akihesabu pungufu kwa panya ambao alijua wamepewa mti wa nyumbani kwao, na hakujua kwamba anafanya hivyo.

Saa moja baada ya kuwanywesha, choma asidi ya siki ya asilimia 0.6 tumboni, mililita 10 kwa kilo. Itengenezwe kutoka asidi safi ya maabara, siyo siki ya kachumbari. Subiri dakika 5, kisha hesabu kwa dakika 20 kila anapokunja tumbo na kunyoosha miguu ya nyuma. Rekodi kwa simu ili mtu wa pili ahesabu. Kundi la kiyeyusho likiwa na wastani wa mikunjo 42 na dozi ya 200 ikawa 18, umepunguza kwa asilimia 57.

Usishangilie. Kipimo hiki kinanasa karibu kila kitu: dawa za usingizi, za kulegeza misuli na za presha nazo hupunguza mikunjo. Kinafaa kukuambia mti gani uache, hakitoshi kukuambia mti gani uusifu.

Hatua ya 8: Bamba la moto

Bamba liwe nyuzi 55, litofautiane kwa nusu nyuzi tu, na ulipime kwa kipimajoto cha pembeni badala ya kuamini namba za mashine. Umeme ukicheza bamba linapoa kwa siri, kwa hiyo stabilaiza si anasa. Weka panya, bonyeza saa, simamisha anapolamba mguu wa nyuma au kuruka. Ikifika sekunde 15 mtoe, hata kama hajafanya lolote, asiungue. Chukua muda wake kabla ya dawa, kisha dakika ya 30, 60, 90 na 120. Usimrudishe zaidi ya hapo, kwa kuwa panya hujifunza na huanza kuruka kwa kumbukumbu.

Dawa za jamii ya mofini huonekana wazi hapa. Za jamii ya aspirini huonekana kidogo au zisionekane. Mti uliopita hatua ya 7 ukashindwa hapa haujafeli, umekuonyesha tu kwamba pengine kazi yake iko pembeni ya mwili na siyo kwenye ubongo.

Wanaotumia kipimo cha mkia na mwanga wa joto wakumbuke asubuhi zetu za Juni na Julai. Mkia uliopoa unachelewa kuhisi joto, na utapata "dawa" ambayo ni baridi ya Dodoma. Chumba kikae nyuzi 20 hadi 24, na kazi ifanyike saa zilezile kila siku.

Hatua ya 9: Fomalini

Kama una nafasi ya kipimo kimoja tu, mimi ningechagua hiki. Maikrolita 20 za fomalini ya asilimia 2.5 chini ya ngozi ya wayo wa nyuma, kisha hesabu sekunde anazolamba. Dakika 0 hadi 5 ni maumivu ya kuchomwa yenyewe. Panakuwa na utulivu. Kuanzia dakika ya 15 hadi 30 yanarudi, na safari hii ni ya uvimbe. Mofini huzima awamu zote mbili. Aspirini na wenzake huzima hasa ya pili, kwa kuzuia kimeng'enya cha saiklooksijenezi, jambo ambalo John Vane alilieleza mwaka 1971 na likampa Nobeli mwaka 1982. Panya mmoja anakupa majibu mawili, na hilo linapunguza idadi ya wanaoumia.

Hatua ya 10: Je, hajalewa?

Fimbo inayozunguka. Mfundishe panya siku moja kabla mpaka asimame juu yake bila kuanguka, siku ya pili mpe dawa na umrudishe. Anayeanguka mapema ana tatizo la misuli au usingizi, na namba zako zote za hatua ya 7 hadi 9 zinaingia shaka. Ifanye kwa dozi zilezile, na mapema, kabla hujaandika muhtasari wa mkutano wowote.

Akisimama vizuri na bamba la moto likawa limeonyesha kitu, rudia bamba ukitanguliza naloksoni, dawa inayozuia mofini isifanye kazi, miligramu 2 kwa kilo. Nguvu ya mti ikipotea, unapitia milango ileile ya mofini, na lazima uanze kufikiria uraibu. Isipopotea, tafuta mlango mwingine.

Kutenganisha dawa ghafi kwa heksani, ethili asetati na maji kuje baada ya haya, siyo kabla. Kila kipande kipimwe kwa fomalini, ufuate kile chenye nguvu. Mara nyingine nguvu hupotea kabisa ukishagawanya, na hilo nalo ni jibu la kuandika.

Hatua ya 11: Rudisha majibu

Mti wa kwanza tulioufuatilia mpaka mwisho ulitoka kwa babu mmoja wa Chamwino. Mikunjo ilipungua vizuri ajabu, na tukawa tumeshachagua jina la makala. Kisha fimbo: panya wa dozi ya 200 walidondoka mmoja baada ya mwingine kama maembe. Mwanafunzi alikaa kimya siku mbili. Nikamwambia twende tumweleze mwenyewe, maana tulimwahidi.

Babu alisikiliza yote akichonga mpini wa jembe. Mwanafunzi akamwambia kwa unyenyekevu, "Babu, dawa yako haituonyeshi kuondoa maumivu. Inalaza."

"Sasa mjukuu wangu, si nilikwambia siku ile? Uliniuliza mgonjwa anafanya nini akinywa. Nikakwambia analala. Mtu wa mgongo shida yake ni usiku."

Mwanafunzi akafungua daftari. Ukurasa wa tatu, kwa mwandiko wake mwenyewe: *analala*. Kando yake alikuwa amechora mstari wa kufuta.